Pipa la Tatu

Mabibo hayangoji mtu.
Yakidondoka alfajiri kule Chiungutwa,
jioni yanavuja, kesho ni ya nzi.
Ndiyo maana Oktoba silali,
ndiyo maana Gervas, kabla hajanikumbatia,
hutazama kwanza mikono yangu.

Nina mapipa matatu nyuma ya nyumba, hapa Mkuti, Masasi.
La kwanza ni korosho za mama, msimu mzima.
La pili ni mkopo wa vikoba:
wanawake kumi na wanane kwenye mkeka,
na Hilaria akauliza mbele ya wote,
"Binti Nandonde, hiyo bia yako
si ni uraka uliovaa suti?"
Wakacheka. Nikacheka nao.
Wakatia sahihi.

La tatu lilikuwa la mafuta ya kula.
Fundi Likanga aliliunga kwa siku nne,
yeye ambaye hajaonja tone maishani,
akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasema,
"Hili litakusumbua, lakini halitakudanganya."

Mwaka wa kwanza nilikuwa na haraka.
Nikaziba chupa sukari haijaisha kuliwa na chachu.
Saa nane usiku: pa!
Kisha kimya. Kisha pa! pa!
Jirani akapuliza filimbi ya majambazi,
mtaa mzima ukatoka na mapanga,
ukanikuta nimekaa chini katikati ya vigae,
nywele zimelowa povu,
nikihesabu.
Mia mbili na kumi na mbili.
Kuna waliolamba ukuta. Siwataji.

Halafu kijana wa kodi, mpole, kalamu mbili mfukoni.
Fomu yake ina kisanduku cha bia,
ina kisanduku cha mvinyo;
mtama uliolala na mabibo hauna kisanduku.
Akafikiri sana. Akaniandika "Nyinginezo".
Nyinginezo hulipa zaidi.

Mama alikuwa akipika nipa.
Mara mbili nilimwona akiimwaga mwenyewe
mbele ya mgambo, taratibu,
kama anayemwagilia mchicha.
Mimi leseni yangu iko ukutani, ndani ya kioo,
na bado pikipiki ikisimama nje
moyo unachutama.

Novemba mnada ukilipa
kila mtu ana kiu, na kila kiu ina elfu kumi.
Machi hata salamu watu wanakopa.
Machi nauza machicha kwa wafuga nguruwe
na nawaambia wa vikoba, "Wiki ijayo",
kwa sauti ambayo mwenyewe siiamini.

Lakini kulikuwa na yule dereva wa lori la saruji.
Aliagiza kwa dharau, alikunywa amesimama.
Funda la pili akavuta kiti.
Akanyamaza mpaka nikaogopa.
"Mama," akasema, "hii ina harufu
ya kuchelewa shule."
Akalipa, akasahau chenji,
na mimi nikaenda nyuma ya mapipa
kulia kidogo, kama mtu anayekohoa.

Leo umeme umekatika saa tatu.
Jokofu limezimika na pipa la tatu lina siku tano,
siku mbaya ya kupata joto.
Nimelizungushia magunia, nayamwagia maji
niliyonunua ndoo mia tano mia tano,
naweka sikio kwenye chuma.

Blup.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Blup.

Gervas anaita kutoka dirishani: njoo ulale,
kama ni kuharibika limeshaharibika.
Namwambia atangulie.
Kuna kitu humu ndani kinakula sukari gizani
na hakijui bei ya korosho, wala fomu, wala deni.
Natafuta ndoo nyingine.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
saba