Daftari la Shimo la Tatu

Hexham, mwezi wa sita, manyunyu yasiyoamua.
Tulikuwa kumi na mmoja ndani ya shimo la tatu,
magoti chini, mwiko mkononi,
tukikwangua sakafu ya ghala la Warumi
kama ukoko wa sufuria usiyotaka kuitoboa.

Profesa Hindmarsh alikuwa na kawaida ya kupita nyuma yetu.
Ubao wa kupitia ulikuwa kando, mpana, mkavu.
Alipita nyuma.
Mkono ukatua begani kwa Carys
kumwonyesha udongo unapobadilika rangi.
Rangi ikaonekana.
Mkono ukabaki.

Kisha akasema neno kuhusu wasichana na magoti,
tukacheka kama watu wanaolipwa kwa wiki.
Kwetu Tanga husema mzaha mzaha hutumbua usaha.
Methali hiyo ilikuwa mdomoni mwangu,
na chai ya moto juu yake.
Nikavimeza vyote viwili.

Alhamisi akamwita wakachukue mabomba Newcastle.
Safari ya saa moja kwenda, saa moja kurudi.
Gari liliingia saa nne usiku.
Nilisikia zipu ya hema ikifungwa,
ikajaribiwa,
ikafungwa tena.

Asubuhi alinikuta naosha vigae kwa mswaki.
Hakusalimu. Aliuliza:
"Ukipata kitu kimevunjika, unaandika nini kwanza?"
Nikajibu ninavyowajibu wanafunzi wote:
tarehe, tabaka, kina, nani alikuwepo.
Andika kilivyo, si unavyodhani kilikuwa.
Na usikisafishe kabla ya kukipiga picha.
"Basi niandikie," akasema.

Penseli, karatasi ya njano isiyoingia maji.
*Alhamisi. Gari jeupe. Tumeshaipita Corbridge.
Paja la kushoto. Nilisema hapana mara mbili.
Alisema jina langu bado halijaingia kwenye ripoti.*
Waliokuwepo: nikakwama hapo.
Nikarudisha kurasa. Wiki ya pili, bega.
Wiki ya tatu, neno la magoti.
Waliokuwepo: kumi na mmoja.
Waliocheka:
nikaanza na jina langu, lote, mpaka la babu.

Chuo kilijibu kwa barua ya aya kumi na sita.
Waliita jambo hilo kutoelewana.
Waliuliza kama Carys alikuwa amechoka, kama kulikuwa na pombe,
kama angependa kuzungumza naye chumbani, wawili tu, yaishe.
Tulipeleka daftari tena, nakala tatu.
Ndipo Tamsin, aliyechimba naye zamani, akaleta lake.
Kisha mama mmoja wa Durham, sasa ana wajukuu,
akaleta bahasha yenye kutu ya pini.
Unakwangua tabaka, chini yake unakuta tabaka,
udongo ule ule, mkono ule ule.

Hakufukuzwa. Alistaafu mapema, kwa keki.
Carys anapima mitaro ya maji taka Cardiff;
anasema mabomba hayana maneno.
Kadi yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja,
nami sitauandika hapa.

Msimu uliofuata Tamsin ndiye mkuu.
Kabla hatujagawiwa miko ya chuma
alitusomea miko mingine, amesimama kwenye mvua:
hakuna atakayepanda gari peke yake na msimamizi asipotaka;
jina huingia kwenye ripoti kwa kazi;
hii hapa namba ya mtu asiyekula mezani kwetu,
mpigieni hata usiku;
aliyeona ana la kusema kama aliyetendwa.

Kijana mmoja nyuma akatupa kichekesho kidogo,
wawili watatu wakaanza kutabasamu.
Nikaweka chai chini.
Mdomo ulikuwa mtupu.
Nikautumia.