Vifungo Ishirini na Tisa

Gauni la arusi nililinunua kwa kilo,
mitumba ya Bytom, Jumatano, siku ya bei ya chini:
gramu mia tisa za ndoa ya mtu nisiyemjua.
Nikalichemsha kwenye beseni la baba,
paketi tatu za rangi, chumvi vikombe viwili,
nikikoroga kwa mwiko wa kabichi
hadi weupe ukakata tamaa.

Lakini uzi wa mishono ulikuwa nailoni, na nailoni haishawishiki.
Ulibaki mweupe ubavuni, mstari juu ya mstari,
kama mbavu kwenye picha ya eksirei.
Nikauacha. Hapo ndipo gauni lilipokuwa langu.

Mabuti ni ya mwanajeshi fulani.
Mnyororo ni wa mbwa wa shangazi Gerta
(mbwa alikufa, mnyororo ukakosa kazi).
Wanja naupaka mpaka ushuke mashavuni.
Kwenye tramu bibi mmoja alinishika mkono:
"Pole, mwanangu. Nani amekufa?"
Nikamwambia, "Bado."

Kule kwenye jengo la vioo
wameamua msimu huu sote tuwe rangi ya maziwa.
Msimu ujao wataamua tena, na foleni itajipanga tena.
Kisha siku moja wakatundika dirishani
fulana nyeusi yenye fuvu linalotabasamu,
bei yake mshahara wangu wa siku mbili.
Nilisimama pale nikitetemeka kwa hasira.
Tymek akasema, "Fuvu halitabasamu.
Halina midomo tu."

Baba hakusema neno.
Baba, Alojzy, mtu wa chini ya ardhi,
miaka ishirini na sita ya makaa ya mawe.
Alirudi ameoga, ananukia sabuni,
na bado kope zake zimezungushiwa weusi,
maana vumbi lile halitoki pale hata ulisugue vipi.
Utotoni nilidhani wanaume wote hupaka wanja.
Foronya zetu zilikuwa na kivuli kisichofulika.

Mara moja tu alizungumza,
akilitazama beseni:
"Nusu ya umri wangu nimeusugua huo.
Wewe unaununua kwa paketi."
Hakuwa akitania.
Nililala na neno hilo siku nyingi.

Tarehe nne Desemba, Mtakatifu Barbara.
Kabla hakujapambazuka tarumbeta zinapita
kati ya nyumba za matofali mekundu, kuwaamsha wachimbaji,
ingawa mgodi wetu ulifungwa mwaka juzi
na hakuna anayechelewa popote.
Baba akalitoa vazi la sherehe kabatini:
weusi tii, kola ya mahameli,
kofia yenye shungi la manyoya ya jogoo, meusi pia,
na vifungo vya kung'aa, ishirini na tisa,
mtu mzima amejipamba kuliko mimi
na jirani wote wanamwita mheshimiwa.

Vilikuwa ishirini na nane.
Alipita mlango wa mama, akaja kwangu.
"Bogna, una uzi mweusi?"
"Baba. Mimi sina uzi wa rangi nyingine."

Nilikata kifungo kwenye koti langu, chenye popo,
nikakishona cha tatu kutoka chini.
Akakitazama. Akakihesabu.
"Kama si mnyama wa kazini," alisema,
"basi angalau anajua giza."

Kisha akainamia kioo, akakaa hapo mno.
Ndipo nikaona: kope zake zimekwisha takata.
Miaka miwili ya jua,
na uso wake ulikuwa kama nyumba
waliyoiondolea madirisha.
Sikuuliza. Nilichukua penseli yangu.
"Kidogo tu," akasema. "Kama zamani."
"Usipepese."

Tarumbeta zilikuwa zimefika kona ya pili.
Mkono wangu wa kushoto ulishika kidevu chake,
kigumu, kilichonyolewa vibaya,
na yeye, aliyewahi kufukiwa saa kumi na moja bila kulia,
alitoa chozi kwa ncha ya penseli,
ikabidi nianze upya jicho la kulia.