Pini Saba

Immingham, Februari. Upepo wa bandarini
huingia gereji bila hodi,
na Bwana Thackray kaleta lori lake la Marekani
kama kijana anayeleta mchumba nyumbani
mara ya kwanza: anacheka kabla ya watu kusema.

Pua ndefu. Mabomba mawili ya moshi yamesimama wima.
Kromu kila mahali. Nikiinama najiona kwenye bampa,
mimi na testa yangu na kofia ya sufu,
nimepinda.

Malori ya huku hayana pua.
Sheria hupima gari zima, kichwa hadi mkia,
basi waundaji wakaikata pua
wakamkalisha dereva juu ya injini.
Kule hupimwa tela peke yake.
Pua ni shauri lako.

"Lichomeke tela langu," anasema. "Jumamosi nina maonyesho Lincoln."

Nikachukua waya wa tela, ule uliojikunja kama mkia wa nguruwe,
nikachomeka. Ukaingia.
Hapo ndipo penye mtego: unaingia kabisa.
Tundu saba, pini saba,
na rangi ni ndugu: nyeupe ya ardhi,
nyeusi, njano, nyekundu,
kijani, kahawia, buluu.
Ungeapa wamenyonya ziwa moja.

Lakini taa za tela ziliamka nusu,
rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.
Lori latoa volti kumi na mbili.
Tela langoja ishirini na nne.
Na nusu ya volti haikupi nusu ya mwanga, Bwana Thackray,
hukupa usingizi.

Betri zenyewe hazina kosa.
Ni zile zile, kumi na mbili, kumi na mbili.
Huku tunazipanga foleni, mbili,
chanya ya huyu kwa hasi ya yule, volti zikajumlishwa.
Kule huzifunga nne bega kwa bega,
chanya na chanya, hasi na hasi;
volti hazipandi hata moja,
kinachoongezeka ni pumzi.
Ndiyo maana nyaya zao nene kama kidole gumba:
volti chache, ampea nyingi,
mzigo ule ule kichwani pa mwingine.

Nikampigia Mbaruku, yuko Joliet, Illinois,
kwake ndiyo kwanza kunakucha.
"Dada, angalia na taa za kona," akasema.
"Huku kwetu taa moja nyekundu ya nyuma
yasema nasimama, yasema pia nakata kushoto."
"Na aliye nyuma anajuaje?"
"Anazoea."
"Huku kwetu," nikamwambia, "kona ina rangi yake, ya chungwa."

Tukanyamaza kidogo.
Huku kwetu, amesema. Huku kwetu, nimesema.
Na wote wawili tulijifunza umeme Korogwe,
kwa balbu moja na vipande viwili vya waya,
baba akishika tochi, anatukemea
tukigusa chanya kwa mikono mibichi.

Nikafunga kisanduku cha kubadili volti
chini ya kiti cha abiria. Ukubwa wa mkate.
Kinapokea kumi na mbili, kinatoa ishirini na nne,
na gharama yake ni joto: weka kiganja,
utadhani mtoto ana homa.
Kisha tela likawaka, upande, upande,
na taa ya breki iliyokuwa inalalamika kwenye dashibodi
ikazimika yenyewe.

Bwana Thackray alizunguka mara tatu, hakusema kitu,
akapiga bodi la tela kwa kofi dogo
kama mtu anayemsifu ng'ombe.

Usiku ujumbe ukaingia.
Fyuzi ya upande wa tela umeweka ngapi?
Ishirini, nikaandika.
Weka kumi na tano. Nyaya za huko nyembamba.

Hajawahi kufika huku.

Asubuhi nikafungua kisanduku, nikabadili.