Viti Mia na Ishirini

Viti vyangu vinajua kulia.
Havikusomea, vimezoea:
vinapangwa kwenye guta, vinakwenda kwa fulani,
chini ya turubai la bluu,
vinakaliwa mpaka saa nane za usiku
na wanaume wanaonong'ona habari za kiwanja.
Vinajua na kucheka. Kipaimara, sendofu,
kitambaa cheupe, utepe mgongoni,
na Jumatatu nakuta wali kwenye kimoja
umeganda kama zege.

Lakini mchezo wa kuigiza?
Huo haumo katika daftari langu.

Mwalimu Atupele alikuja Jumanne, vumbi hadi magotini.
"Mama Sihaba, Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri,
uwanja wa shule, hapa hapa Kifuru.
Ngoma kwanza, mchezo baadaye.
Kiti shilingi ngapi?"
Nikamwambia: cha msiba mia tatu, cha harusi mia tano.
Akacheka. "Na cha uongo?"
Nikapekua daftari. Safu ya tatu haikuwepo.

Basi nikaenda kutazama mazoezi.
Msidhani ni mapenzi ya sanaa,
nilitaka kujua kama watavikanyaga viti vyangu.

Nikamkuta mzee Mapunda, mlinzi wa geti la mhandisi,
yule asiyeitikia salamu,
njuga miguuni, anawaongoza vijana kumi na mmoja
katika lizombe,
na kiuno chake hakijaambiwa umri wa magoti.
Siwema wa zahanati,
atuchomaye sindano huku anatazama dirishani,
amekuwa mama mkwe.
Alitukana kwa ufundi, hata nikamhurumia mkazamwana
ambaye hakuwepo,
maana mkazamwana alikuwa zamu, kiwanda cha nondo.
Na Chande wa bodaboda ndiye marehemu.
Amelala chini ya khanga, tumbo linapanda, linashuka,
simu ikaita,
marehemu akapokea:
"Niko msibani, bosi, nipe dakika tano."

Bango wamelichora wenyewe, juu ya shuka.
KARIBUNI WOT,
na E imeteremka mstari wa pili, peke yake,
kama mtoto aliyeachwa nje ya picha.

Kisha Mwalimu akanivuta pembeni.
Katikati ya jukwaa, akasema, kuna kiti cha marehemu.
Hakuna anayekikalia mchezo mzima,
wanakizunguka, wanagombana juu yake,
mwisho mama mkwe anakifuta vumbi kwa upande wa khanga.
"Nahitaji kilichokaliwa kweli.
Hivi vyako vyeupe vinafanana mno."

Sikumjibu siku ile.

Mwaka niliofiwa, viti nilikodi.
Deni lilinifuata miezi saba,
ndipo nikasema, biashara ni hii.
Na katika vile vya kukodi kimoja hakikurudi.
Sikukiiba. Sikukirudisha.
Cha kahawia, mguu umefungwa waya,
kipo jikoni karibu na pipa la maji,
na tangu hapo hakijatoka kwenda kwa mtu,
si kwa pesa, si kwa undugu.

Jana nimekiosha kwa sabuni ya unga.
Nikakitoa nje, kikakaukia juani,
jirani akauliza kama nahama.

Guta litaondoka saa sita.
Wingu limeanza kujikusanya huku Pugu,
wala sina turubai la ziada, nawaambia mapema.
Waliosikia wawaambie wasiosikia:
kiingilio shilingi elfu moja, watoto bure wakitulia.
Njooni na khanga za kukalia,
maana hesabu nimeirudia mara mbili:
vitakwenda mia na ishirini,
vya kukaliwa ni mia na kumi na tisa.
Na wa safu ya nyuma
msiegemee sana.