Ukoko

Detlef, mkwe wangu, amefunga mtambo chini ya ngazi.
Unakula chumvi gunia zima,
na saa nane za usiku unakoroma kama mwenye pumu.
Maji yetu ya Würzburg, magumu tangu enzi za bibi,
sasa yamelainika.

Glasi hazina tena ukungu.
Kipande cha sabuni kama ukucha kinajaza beseni povu.
Ila nikioga nateleza,
nasuuza, nasuuza,
kama niliyepakwa mlenda.

Ottmar hakutaka mtambo.
Jumamosi yake ilinuka siki:
kichwa cha bomba la kuogea mezani, juu ya gazeti,
naye na sindano yangu ya kushonea
akizibua tundu moja moja, akihesabu kwa sauti,
arobaini na saba, arobaini na…
akipotea, akianza upya.
"Chokaa hii ni makombe," alisema.
"Bahari ilikuwa hapa. Imehama, imetuachia mifupa."
Nami: "Iite basi irudi kuichukua,
imeniulia mashine ya kufulia."

Jana Detlef alitaka kulitupa birika.
Ndani lina ukoko mweupe, mnene kama ganda la mkate;
ukilitikisa, linanong'ona.
Nikasema nitalisafisha.
Nimedanganya.

Alfajiri, kabla hawajaamka, natoka na kandambili
hadi bomba la bustanini, mtambo haulifikii,
nalijaza pomoni.
Chai inafanya utando juu, wa kahawia,
unaopasuka kama barafu ya mwezi wa tatu.
Nainywa na utando wake.