Trei ya Mayai

Dundee, Desemba. Saa kumi kasoro, giza limeshaingia.
Bakuli juu ya sufuria, mvuke chini,
chokoleti yalegea kama mkaidi aliyebembelezwa.
Iliki. Chumvi kidogo,
kidogo, Zuwena, hii si pilau!
Nafinyanga viganjani vidonge sita;
kimoja kimebaki na alama ya dole gumba langu.

Trei ya mayai, vishimo sita:
zawadi ya Bwana Farquhar wa ghorofa ya juu,
aliyenishtaki kwa harufu ya dagaa.
Kadi nimeandika, nimechana, nimeandika.

Hata havijaganda, mlango wagongwa.
Pua imemleta tena, na soksi miguuni:
"Leo unapika nini?"

Nampa kile chenye dole.
Anakula kasimama,
analamba vidole, anatazama ngazi,
haondoki.