Hewa ya Wizi

Mafundi wa Tanga huiita sailensi:
injini kukaa palepale, mguu haukanyagi kitu,
inapumua ya kwake tu.
Gari la Bi Zuwena halikuwa nayo.
Liliingia Sanaiya ya Ibra saa nne, jua limeshapanda kichwani,
Kamri ya rangi ya maziwa ya unga,
kibao cha namba kikigonga bati
kama meno ya mtu mwenye homa.

"Likenda halina neno," akasema. "Likisimama ndipo."
Kiswahili cha Wete, miaka hamsini nje ya Wete,
hakijapauka hata silabi.
Akafungua mkoba: plagi nane kuukuu,
nne walizotoa Sinaw, nne walizotoa Nizwa,
koili moja, risiti zimefungwa kwa mpira wa nywele.
"Kila fundi kalitibu. Hapana aliyeniuliza linaumwa lini."

Basi nikauliza.
Asubuhi, likiwa baridi? Zaidi.
Ukiwasha kiyoyozi? Linataka kuzima.
Ukikanyaga mafuta? Linatulia,
kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza: likalegea zaidi.
Wa pili, likalegea. Wa tatu. Wa nne.
Kumbe wote wanne wanafanya kazi,
tusimsingizie mtu.
Kunjumon, mwenye gereji, akapita na chai yake ya maziwa.
"Badilisha pampu," kwa Kiarabu chake cha dukani,
maana pampu ina faida.
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza.

Kulikuwa na mluzi.
Mwembamba, nyuma ya bomba la kuingizia hewa,
kama mtu anayevuta supu ya moto kwa kujificha.
Injini hupimiwa hewa yake kama wali wa mgonjwa;
hii ilikuwa inakula pembeni.
Nikachukua chupa ya kunyunyizia, ile ninayopigia pasi
kanzu yangu ya Ijumaa,
nikaipitia mipira, mmoja mmoja.
Hapa, hakuna.
Hapa, hakuna.
Hapa kibao cha namba kikanyamaza.
Sekunde tatu. Maji yakakauka, kikaanza tena.

Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikaungua, nikatukana kidogo
("Nimesikia," akasema),
nikatoa kipande cha bomba.
Si cha gari.
Mpira mweusi wa kumwagilia mitende, ule wa matone,
umefungwa kwa waya wa uzio, mizungusho mitatu,
ncha imekunjwa ndani isimchome mtu.
Joto la miaka limeupasua kama kisigino.

Bi Zuwena akaupokea kwa pindo la shela.
Hakuutazama mpira, aliutazama waya.
"Mikono ya Hilal hii.
Hata mlango wa banda la mbuzi kaufunga hivi hivi.
Akanambia gari kalipeleka kwa wakala, Maskati.
Riali thelathini nilimpa, kwa mkono wangu."
Akacheka mpaka akashika boneti,
boneti ikamchoma, akaachia.
"Mwaka wa sita huu yuko chini ya mchanga
na riali zangu thelathini."

Mpira mpya, baisa mia nane, na klipu mbili.
Nikaukata, nikaubana, nikawasha.
Mshale ukapanda, ukashuka, ukatafuta mahali, ukakaa.
Nikamnyang'anya Kunjumon glasi yake
nikaiweka juu ya injini:
utando wa chai haukupata hata mkunjo.

Alilipa. Akarudisha plagi zake mkobani
na kile kipande cha bomba,
na waya wake, bila kuufungua.
Kunjumon bado alitaka kujua habari ya pampu.

Mbele ya Sanaiya kuna taa za barabarani.
Zikawa nyekundu, nikaliona gari lake limesimama.
Nikafuta mikono, nikatega sikio:
lori la saruji, kompresa ya jirani,
mtu anagongomea bati asilolijua,
na kutoka kwake, hakuna kitu.